Chaki na Timazi

Ukitoka Moshi kwenda Arusha, ukateremka Kikafu na kupanda tena upande wa pili, si muda Bomang'ombe inajitokeza: njia panda ya Sanya Juu, Coaster zinazogombea abiria, bodaboda, kinamama na mabeseni ya ndizi mbivu, na vumbi la tambarare ya chini linalokuja kutua juu ya kila kitu. Gereji ninayotaka kuisimulia iko nyuma kidogo ya kelele hizo, chini ya mjohoro mmoja mkubwa, ardhi yake nyeusi kwa oili ya miaka mingi. Haina kibao. Ukiuliza "kwa mzee wa matairi", mwendesha bodaboda yeyote atakupeleka.

Nilikwenda pale Julai 2024 na pikapu ya marehemu baba, Land Rover 109, toleo la tatu, lile lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Hiyo 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kama mita 2 na sentimita 77. Baba aliinunua ikiwa imeshazeeka mikononi mwa wengine, na kazi aliyoipa ni ile ambayo kila mtu wa mteremko wa Kilimanjaro anaijua. Juu kwenye kihamba kuna migomba, kahawa na ng'ombe. Chini tambarare kuna shamba la mahindi. Ng'ombe wa Machame hatoki bandani, chakula humfuata alipo, kwa hiyo mahindi yakishavunwa mabua hufungwa, hupakiwa mpaka yanaipita kabini kwa urefu wa mtu mzima, na safari ya kupanda inaanza.

Mabua si mazito sana, ila ni marefu na yanayumba. Na barabara za upande wa Rundugai, mwezi wa nane, zina vumbi laini linalofika kwenye kifundo cha mguu. Tairi jembamba la nyuma likibebeshwa mzigo huzama humo kama kisigino kwenye majivu. Nilitaka matairi mapana ya nyuma kwa sababu hiyo. Sitaficha kwamba nilitaka na uzuri wake pia. Tangu nikiwa mtoto nilipenda pikapu iliyokaa vizuri kwa nyuma, mabega ya matairi yamejaa, imetulia kama simba aliyeketi.

Mara ya kwanza nilifanyiwa kazi hiyo kwenye gereji moja mjini, na iliisha ndani ya saa moja. Walichukua matairi ya 285, wakayalazimisha kwenye rimu zilezile nyembamba za inchi tano na nusu, wakaweka na spesa, yaani bamba la chuma kati ya habu na rimu la kusukuma gurudumu nje. Gari likapendeza. Wiki ya pili, nikiwa na mzigo njia ya Masama, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Tairi lilikuwa likigusa juu, ndani ya pango lake, kila springi ilipobonyea, na kichwa kimoja cha bolti kilikuwa kikilimenya kama kisu kinavyomenya kiazi. Siku nyingine niliweka gia ya magurudumu manne kupita kwenye utelezi, nikafika kwenye lami, nikavuta kirungu kuitoa, kikagoma. Nilivuta kwa mikono miwili. Nilirudi nyuma hatua chache ndipo kikaachia kwa kishindo kilichonifanya nidhani nimevunja gia boksi. Yale matairi niliyavua nikayaweka stoo, nikarudisha ya baba.

Mzee wa Bomang'ombe hakufungua sanduku la vifaa siku ya kwanza. Alinikaribisha kwenye tairi kuukuu lililolazwa chini likawa kiti, tairi la General lililotoka kwenye kiwanda kilichoanzishwa Arusha mwaka 1969 na ambacho sasa kimefungwa. Akamtuma kijana chai. Halafu akaanza kuuliza, na maswali yake yote yalihusu mzigo.

"Unabeba nini, mwanangu?"

"Mabua, Mzee. Mara nyingine mbolea na ndizi."

"Mwezi wa nane unapita wapi?"

Nikamwambia.

"Na mwezi wa nne?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mwezi wa nne ni masika, na masika kule juu udongo mwekundu unakuwa sabuni. Mzee akaokota kijiti akachora vumbini maumbo mawili kama matofali, moja limesimama na jingine limelala. Akasema hivyo ndivyo tairi linavyogusa ardhi. Alivyoyachora ndivyo nilivyoyaelewa, na nilipofika nyumbani nilipiga hesabu nikaona alikuwa sahihi. Chukua kilo 750 juu ya gurudumu moja la nyuma, na upepo wa kilo mbili na nusu kwa kila sentimita ya mraba, karibu 36 kwenye geji za kwetu. Gawanya: eneo linaloshika ardhi ni kama sentimita za mraba 300. Tairi jembamba lenye uso wa sentimita 15 linazipata 300 hizo kwa urefu wa sentimita 20. Tairi pana lenye uso wa sentimita 20 linazipata kwa urefu wa 15. Eneo ni lilelile kwa upepo uleule, tofali limegeuzwa tu. Faida ya tairi pana kwenye vumbi inakuja pale unapoweza kulipunguzia upepo bila ubavu wake kuumia, ndipo lile eneo linapokua na gari linaelea juu badala ya kuchimba. Kwenye utelezi wa masika mambo yanageuka. Pale unataka tairi linalokata tope mpaka likute udongo mgumu chini, na jembamba linakata vizuri zaidi.

"Kwa hiyo mapana ni ya kiangazi," akasema. "Masika unarudisha ya baba yako. Na rimu za baba yako hatuzikati."

Nimekutana na mafundi wengi hodari wa kubadilisha vitu. Huyu ni wa kwanza kukutana naye aliyeanza kwa kuhakikisha kwamba kila atakachofanya kinaweza kurudishwa. Alitafuta rimu nyingine mbili za aina ileile kutoka kwenye gari bovu, hizo ndizo zikawa za kufanyiwa upasuaji.

Ukubwa wa tairi aliuchagua kwa penseli, kwenye kipande cha boksi. Tairi la asili la 109 ni 7.50 kwa rimu ya inchi 16, na kimo chake, likiwa limejaa upepo, ni kama milimita 805 hadi 810. Akaandika 265/75R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo. Asilimia 75 ya 265 ni 199. Ubavu wa juu na wa chini ni 398. Ongeza rimu, inchi 16 ni milimita 406. Jumla 804. Akalizungushia duara. Tairi pana kuliko la asili kwa karibu sentimita tano, lakini kimo chake ni kama kilekile. Matairi yangu ya stoo, yale ya 285, yalikuwa na kimo cha 834. Hapo ndipo nilipojua kwa nini kirungu kiligoma: gari la magurudumu manne la zamani likiwa limeshikamana mbele na nyuma, propela shafti zote mbili zinazungushwa kwa mwendo mmoja, na kama gurudumu la nyuma linafunika karibu sentimita tisa zaidi kwa kila mzunguko, kile kisichoweza kuteleza kwenye lami kinajikunja ndani ya chuma.

Marekani kuna watu wanaoweka matairi mapana nyuma kwenye magari ya zamani kwa ajili ya mbio za kunyooka, na wana sababu nzuri: gari likiondoka kwa nguvu uzito wake unahamia nyuma, na nyuma ndiko kunakosukuma. Trekta nalo lina gurudumu kubwa nyuma kwa sababu iliyo jamaa ya hiyo. Lakini hayo ni magari ambayo mbele na nyuma haviulizani kitu. Land Rover mbele na nyuma vinaulizana.

Matairi tuliyapata ya mtumba, Moshi mjini. Mzee alikuja mwenyewe. Muuzaji alituonyesha yale yenye kashata nene, mzee akapiga magoti kutafuta zile tarakimu nne zilizogandishwa ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi la kwanza lilikuwa na meno mazuri lakini namba yake ilisema lina miaka kumi na moja. Alilikunja kwa vidole gumba viwili na nyufa ndogo zikafunguka kama kope. Tukaliacha. Tulichukua mawili ya miaka mitatu, yenye namba ya uzito 116, maana yake kila moja linaruhusiwa kilo 1,250. Yote ni radio, yaani radial, kama yalivyo ya mbele. Kuchanganya radio na yale ya nyuzi za kukatizana kwenye ekseli moja mzee hakubali kabisa, na ikibidi gari liwe na aina zote mbili, radio hukaa nyuma ili mkia usimtangulie dereva kwenye kona.

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe.

Alipandisha gari kwa jeki, akaliweka kwenye stendi, akatia kabari magurudumu ya mbele. Akachukua timazi, ileile ya fundi mwashi, kamba na kipande cha shaba chenye ncha. Akaining'iniza kwenye ukingo wa bodi juu ya gurudumu la nyuma akasubiri itulie. Upepo wa Bomang'ombe haukawii kuvuma, kijana alisimama upande wa juu akiwa ameshika kipande cha bati kuukinga. Ilipotulia, mzee alipima kutoka kwenye kamba hadi bega la tairi la zamani: milimita 76. Upande wa pili: 72. Nikadhani amekosea. Alirudia, ikawa ileile. Bodi lilikuwa limekaa pembeni kidogo juu ya chesisi, labda tangu ajali fulani kabla ya wakati wetu. Aliandika namba zote mbili kwa chaki kwenye bodi, moja kila upande, na kwa siku nne zilizofuata kila hesabu aliifanya mara mbili, ya kushoto na ya kulia.

Kwa ndani alipima kutoka tairi hadi springi, kisha hadi kwenye bomba la breki. Halafu alikaa. Ninasema alikaa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alikaa kwenye lile tairi la General, anaangalia nafasi iliyo kati ya springi na ukingo wa bodi kama mtu anayeangalia kiwanja kabla ya kuchora nyumba.

Tairi la 265 linataka rimu ya inchi 7 angalau. Rimu ilikuwa na tano na nusu. Inabidi kuongeza inchi moja na nusu, milimita 38, kwa kuikata rimu mzingo mzima na kuunga mkanda wa chuma katikati. Swali ni ukate upande gani. Ukiongeza ndani, tairi linakwenda kusugua springi. Ukiongeza nje, mstari wa katikati ya tairi unasogea nje kwa nusu ya mkanda, milimita 19, na mzigo unaanza kuegemea beringi ya nje ya habu. Mzee alinionyesha hesabu: ukiongeza yote nje, bega la ndani linasogea kuelekea springi milimita 6 tu, la nje linatoka 44. Toa 44 kwenye 72 za upande mfupi, unabaki na 28 ndani ya bodi. Hakuna kinachotokeza nje, hakuna cha kukata kwenye bodi, ambalo hata hivyo ni la aluminiamu na halichomelewi kwa mashine ya kawaida. Kwenye springi panabaki upana wa vidole viwili. Kuhusu beringi, alisema ekseli ya gari hili imejengwa kwa namna ambayo habu inabeba uzito kwa beringi mbili zilizoachana, na saidi shafti inazungusha tu bila kubeba chochote. Milimita 19 itazivumilia, ila beringi zitafunguliwa, zitasafishwa, zitatiwa grisi mpya, na nitazileta zikaguliwe kila mwaka. Nilikubali.

Kukata kulifanywa na kijana, kwa grinda, mzee akiwa amesimama nyuma yake bila kusema neno. Rimu ilikuwa tupu, haina tairi wala tyubu. Hiyo ni amri ya pale: rimu yenye tairi haisogezwi karibu na moto, hata kama imetolewa upepo wote, kwa sababu mpira ukipata joto kwa ndani unatoa gesi, na gesi hiyo imeshaua mafundi katika nchi nyingi. Mstari wa kukata ulichorwa mahali tambarare, mbali na pale ukingo wa tairi unapokaa. Pale hapaguswi. Pale ndipo tairi na rimu hukutana, na mkono wa binadamu hauwezi kupatengeneza upya kwa usahihi uliotoka nao kiwandani.

Mkanda wa chuma ulikunjwa kwenye bomba kubwa kwa nyundo, taratibu, ukijaribiwa na kurudishwa, kujaribiwa na kurudishwa, mpaka ncha zake mbili zilipobusiana bila kushikwa. Kisha kushikiza: doa moja la moto juu, la pili chini, la tatu kushoto, la nne kulia. Kila baada ya doa, rimu ilifungwa kwenye habu moja kuukuu iliyosimikwa kwenye meza, ikazungushwa. Mzee alikuwa ameweka waya mgumu umesimama kando, ncha yake inakaribia kabisa ukingo wa rimu. Rimu ikizunguka, unaangalia ule mwanga kati ya waya na chuma. Ukipungua na kuongezeka, rimu inayumba. Mara ya kwanza mwanga ulipumua, nadhani kwa milimita tatu. Akagonga. Akazungusha. Akagonga tena, kwa nyundo ya mbao sasa. Alikuwa akiinamisha kichwa ili mwanga wa saa kumi jioni upite mahali pale hasa, na mimi niliinama naye. Ulipofika pale ambapo sikuona tofauti, nikasema, "Imekaa, Mzee." Hakunijibu. Alizungusha mara nyingine tatu, akagonga mara moja, kidogo tu, na kweli, kulikuwa na kitu ambacho jicho langu halikukiona mpaka kilipoondoka.

Kuunga kwenyewe kulichukua siku nzima ya pili. Vipande vifupi vya urefu wa kidole, kimoja hapa, kinachofuata upande wa pili kabisa, ili joto lisikusanyike mahali pamoja na kupinda chuma. Kati ya kipande na kipande, mapumziko. Hakumwagia maji. Chuma kilichounguzwa kikamwagiwa maji, alisema, kinakuwa kigumu kama kioo na kinapasuka kama kioo. Kwa hiyo tulikunywa chai. Wateja wa pancha walikuja wakahudumiwa wakaondoka, Coaster moja ikaletwa haina breki, na rimu yangu ilikaa kivulini inapoa kwa wakati wake.

Usiku wa siku hiyo kilifanyika kitu kimoja kidogo ambacho ndicho kilichonifanya nitake kuandika haya. Mzee alisaga chaki, akaichanganya na maji kidogo, akapaka uji huo mweupe juu ya mstari wa kuunga, upande wa nje, mzingo mzima. Ulipokauka alipaka mafuta ya taa upande wa ndani kwa brashi. Akaiacha hivyo mpaka asubuhi. Mafuta ya taa hutambaa kwenye chuma kirahisi kuliko maji, yanapenya kwenye tundu ambalo jicho haliwezi kuliona, na kama yamepenya, chaki upande wa pili inaonyesha doa. Asubuhi rimu ya kwanza ilikuwa nyeupe tupu. Ya pili ilikuwa na doa moja, dogo kuliko punje ya mtama, la rangi ya kijivu. Ndani kungekuwa na tyubu ya kushika upepo, tundu lile lisingevujisha chochote, na hakuna mteja duniani ambaye angelijua. Mzee alilizungushia duara, akalichimba kwa grinda mpaka chini, akaliunga upya, akasubiri lipoe, akapaka chaki tena na mafuta tena, na tukangoja usiku mwingine.

Kupachika tairi kulikwenda haraka, kazi hiyo vijana wa pale wanaifanya kama kumenya ndizi. Rimu ina bonde katikati, unazamisha ukingo wa tairi bondeni upande mmoja ndipo upande wa pili upate nafasi ya kuvuka, na anayejua bonde hilo hahitaji nguvu nyingi kwenye mtaimbo. Poda ndani ili tyubu isishikane na tairi, povu la sabuni kwenye kingo, upepo. Tairi liliguna, likapiga kishindo kimoja, kisha cha pili, kingo zote mbili zimekaa.

Nati za Land Rover ni tano kwa kila gurudumu. Zilikazwa kwa kurukana, kama unavyochora nyota bila kuinua kalamu, kwa wili spana na uzito wa mkono. Bomba la kurefusha spana halitumiki pale. Linakaza kuliko stadi inavyotaka, na stadi iliyovutwa haisemi mpaka siku inapokatika.

Halafu mzee akasema nipakie gari. Sikuwa na mabua Bomang'ombe, kwa hiyo tulipakia vilivyokuwepo: mawe, difu mbovu mbili, mifuko ya mchanga, na vijana sita waliofurahi sana. Springi zikabonyea. Timazi ikashushwa tena, pande zote mbili, maana nafasi ya gari tupu na nafasi ya gari lenye mzigo hazifanani, na mimi sikuwa nimekuja kwake kwa ajili ya gari tupu. Kijana mmoja alilala chini akiwa na kipande cha sabuni, akakipitisha kati ya tairi na springi, kikapita bila kugusa.

Mwisho, chaki kwa mara nyingine. Alama moja kwenye tairi la mbele pale linapogusa ardhi, na alama ardhini. Vivyo hivyo nyuma. Wakasukuma gari taratibu, magurudumu yakazunguka mara moja kamili mpaka alama zikarudi chini, wakaweka alama mpya. Kwa futi kamba: mbele mita 2 na sentimita 46 na nusu, nyuma mita 2 na sentimita 45. Ni fupi kidogo kuliko hesabu ya kwenye boksi, kwa sababu tairi lenye mzigo hujikalia. Tofauti sentimita moja na nusu. Akaongeza upepo kidogo nyuma, akapunguza mbele, tukasukuma tena. Ikawa moja. Akafuta mikono.

Tulikwenda naye mpaka Sanya Juu na kurudi, mlima ukiwa wazi kulia kwetu wakati wa kwenda, theluji yake imebaki vipande. Gari lilikuwa limetulia kwenye kona kwa namna ambayo mikono yangu, iliyozoea kulishikilia, haikujua ifanye nini. Niliporudi nikasimama chini ya mjohoro, mzee alishuka kabla sijazima injini. Alikwenda nyuma, akaweka mgongo wa kiganja juu ya habu ya kushoto, kama unavyompima mtoto homa, akazunguka akaweka kwenye ya kulia, akarudi tena kushoto akakaa nayo kidogo.

"Hili ni joto la kazi," akasema. "Rudi baada ya kilomita mia tukaze nati."

Nilirudi. Mwezi wa nane mabua yalipanda kutoka tambarare, safari kumi na nne, na njia ya Rundugai sikuchimbuliwa hata mara moja. Oktoba ile Arusha ilijaa Land Rover kwenye tamasha lao, za kila umri na kila rangi, zimeng'arishwa mpaka unaona uso wako, nami nilikwenda kutazama. Nyingi zilikuwa nzuri mno. Nilijikuta nikiinama nyuma ya kila pikapu yenye matairi mapana, natafuta mstari wa kuunga ndani ya rimu na nafasi iliyobaki kwenye springi, na nilipokuta mahali palipofanywa kwa mkono mzuri nilimtafuta mwenye gari nikamwuliza fundi wake ni nani.

Mwezi wa tatu mawingu yalipoanza kukaa chini ya Machame, niliteremka Bomang'ombe na zile rimu nyembamba za baba nyuma ya gari. Kazi ya nusu saa. Kijana aliyavingirisha yale mapana kuyapeleka kwenye kibanda, mzee akamwita ayarudishe. Akatoa kipande cha chaki mfukoni mwa ovaroli, akaandika ubavuni mwa moja KUSHOTO na ubavuni mwa jingine KULIA, na chini ya kila neno akachora mshale wa kuonyesha linakozungukia.